Mikono ya Anayepiga Deki

Jumapili, usiku

Wiki hii nimetazama watu wakipiga deki kuliko nilivyowahi kutazama maishani mwangu. Barazani kwa jirani, kwenye duka la dawa la mtaani, kwenye ngazi za jengo tunalofanyia kazi. Nataka kutengeneza dekio lisilomuumiza mtu, na nilijiambia sitachora hata mstari mmoja kabla sijaona kwa macho kazi yenyewe inavyokwenda.

Aliyenitia jambo hili moyoni ni mama mdogo. Anafanya usafi kwenye jengo la ofisi mjini, ghorofa mbili za marumaru, alfajiri kabla wenye ofisi hawajaingia. Alikuja nyumbani, nikamwekea chai, nikaona anashika kikombe kwa mikono miwili. Nilipomuuliza akanionyesha chini ya kidole gumba, pale kwenye kifundo cha mkono, akasema panawaka moto kila anapokamua. Kwa daktari aliambiwa akunje kidole gumba ndani ya ngumi, kisha aupinde mkono kuelekea kwenye kidole cha mwisho. Alipiga ukelele. Kano zinazovuta kidole gumba hupita kwenye mfereji mwembamba pale kifundoni, na zikisuguana mno kwa kukaza na kupinda kila siku, ala inayozifunika huvimba na nafasi hubana. Daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1895, na tangu zamani umejulikana kuwasumbua wafua nguo. Kukamua shuka na kukamua dekio ni mkono uleule, msokoto uleule.

Dawa alipewa, na akaambiwa aupumzishe mkono. Nani atamlipa akiupumzisha?

Kwa hiyo nimekuwa nikitazama. Binti wa kazi wa jirani anadeki kwa tambara. Anainama kiunoni, miguu imenyooka, viganja vyote viwili juu ya tambara, anarudi kinyumenyume kutoka dirishani hadi mlangoni. Uzito wote wa kichwa na kifua unaning'inia mbele, na misuli ya chini ya mgongo ndiyo inayoubeba. Akifika katikati ya sebule anasimama, anashika kiuno, anainama tena. Mama zetu husema tambara linang'arisha kuliko dekio, nami nakubaliana nao kabisa. Kiganja kinahisi pale penye uchafu ulioganda, kikakaza hapohapo. Dekio la nyuzi linapita juu ya doa la chai likaliacha lilivyo. Dekio langu lisipoweza kukaza chini, hakuna atakayeliacha tambara lake, hata mgongo ukimuuma vipi.

Kwenye jengo la kazini wanatumia dekio la nyuzi za pamba na ndoo ya kawaida. Kusukuma na kuvuta kunakwenda vizuri, mtu amesimama wima, mwili wote unasaidia. Shida inaanza dekio linaporudi kwenye ndoo. Pamba imekunywa maji, imekuwa nzito, na hapo ndipo mtu anapoinama, anakusanya nyuzi kwa mikono, anasokota. Maji yana jiki, mikono haina glavu. Vidole vimechubuka. Halafu nyuzi hazikamuki sawasawa, kwa hiyo sakafu inabaki na madimbwi, na anarudia tena kukausha. Ukimtazama mtu kwa saa nzima unaona kwamba maumivu yote yanakaa katika sekunde hizo chache za kukamua, zinazojirudia asubuhi nzima.

Nikaanza kusoma habari za watu waliolifanyia kazi jambo hili kabla yangu, na nimefurahi kuona wengi wao walikwenda palepale, kwenye kukamua. Thomas W. Stewart, Mmarekani mweusi wa Kalamazoo, Michigan, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya dekio mwaka 1893. Kitambaa chake kilibanwa kwenye kishikio na kiliweza kukamuliwa kwa wenzo. Hispania, Manuel Jalón alikuwa mhandisi wa ndege. Alipokuwa Marekani kwa mafunzo aliona mabanda ya ndege yakidekiwa kwa dekio la mpini mrefu na ndoo yenye rola za kukamulia. Nyumbani kwao wakati huo wanawake walikuwa wakisugua sakafu wakiwa wamepiga magoti, na magoti yao yalikuwa yakivimba. Mwaka 1956, mjini Zaragoza, akaanza kutengeneza ndoo na dekio vya nyumbani. Baadaye ndoo ikawa ya plastiki, ina kikamulio chenye matundu juu, unabonyeza tu dekio ndani na kuzungusha. Wahispania waliinuka kutoka magotini kwa sababu ya kitu hicho. Najua ni maneno makubwa kwa ndoo ya plastiki, lakini naamini hivyo.

Anayenigusa zaidi ni Joy Mangano wa New York, mama wa watoto watatu. Mwaka 1990 alitoa dekio linalojikamua: kitanzi kimoja kirefu cha uzi wa pamba, kama mita 90, na mpini unaozungushwa hadi maji yatoke bila mtu kuloanisha mikono. Liliuzwa polepole mpaka mwaka 1992 aliposimama mwenyewe kwenye televisheni ya mauzo ya QVC kulionyesha, na zaidi ya 18,000 yakauzwa kwa chini ya nusu saa. Huyu alikuwa amedeki nyumba yake mwenyewe. Alijua maji machafu yanavyokaa chini ya kucha.

Kariakoo sasa maduka yamejaa madekio ya ndoo yenye kikapu kinachozunguka. Unaliweka dekio kwenye kikapu, unasukuma mpini chini, kikapu kinazunguka kwa kasi na maji yanarushwa nje. Ni akili nzuri, na mkono haupati msokoto wowote. Ila lililokuwa nyumbani kwetu lilikufa pale meno ya plastiki ya ndani yalipolika, na hakuna duka lililokuwa na kipuri. Tena ndoo ile ni kubwa, inataka maji mengi, na sisi tunaonunua maji kwa madumu ya lita 20 tunaona uchungu kuyamwaga. Na vile vitambaa vyake laini vinafaa marumaru. Kwenye sakafu ya saruji iliyokwaruza, kama ya vyumba vingi vya kupanga, vinanasa na kuchanika.

Kuna na suala la chumvi. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na sakafu ikikauka inabaki na utando mweupe. Watu hulaumu sabuni. Maji yakiwa machache juu ya sakafu, chumvi inayobaki nayo ni kidogo, kwa hiyo dekio lililokamuliwa vizuri linaokoa maji, mkono na kile kinachoonekana kwa macho.

Basi hiki ndicho nilichotengeneza. Bomba la plastiki ngumu (PVC) la robo tatu ya inchi ndani, bomba la inchi moja nje, la nje linateleza juu ya la ndani. Vipande vya taulo kuukuu, upana wa vidole vitatu, vimefungwa ncha moja chini kabisa ya bomba la ndani na ncha nyingine kwenye bomba la nje. Ukilishusha bomba la nje, taulo zinatuna na kuwa dekio. Ukilipandisha, zinanyooka, ukilizungusha, zinajisokota zenyewe na maji yanatoka. Taulo nimezichagua kwa sababu zinavumilia saruji, kila nyumba inazo, na zikichakaa mtu anakata nyingine bila kurudi dukani.

Lakini kuzungusha bomba kwa kulishika tu ni kurudisha msokoto uleule kifundoni. Nikalikata bomba la nje, nikaunga kwa tii ya fundi bomba, kiungo chenye matundu matatu, na kwenye tundu la pembeni nikachomeka kijiti cha kushika chenye urefu wa sentimita 12. Ukilishika bomba lenyewe, nguvu yako inafanya kazi umbali wa chini ya sentimita mbili kutoka katikati. Ukishika mwisho wa kijiti, nguvu ileile inazungusha kama mara saba zaidi, na inatoka kwenye kiwiko na bega, kifundo kimenyooka. Kijiti nimekizungushia tyubu ya baiskeli kiwe kinene, kwa sababu kitu chembamba kinalazimisha vidole kukunjika mno. Kwa juu, mpini unarefushwa na kufupishwa kwa kitufe na matundu, kama magongo ya hospitali. Mimi ni mrefu, mama mdogo ananifika begani. Mpini mmoja hauwezi kututosha sote wawili.

Leo mchana amekuja kulijaribu. Amefunga mdomo kwa dakika nyingi, anadeki tu, ukumbini, jikoni, amerudi ukumbini. Amekamua. Amekamua tena.

"Mwanangu," akasema, "hiki kijiti umekiweka kulia. Mkono wangu unaouma ni huohuo wa kulia."

Kweli kabisa. Fundi bomba ana kiungo kingine, krosi, chenye matundu pande zote nne. Nikiitumia hiyo vijiti vinakuwa viwili, na mtu anabadilisha mkono anavyotaka, au anatumia mikono yote miwili. Alisema pia bomba la ndani linapinda akikaza kwenye doa. Kesho nitapita mtaa wa Gerezani kutafuta la alumini, maana chuma kitarudisha uzito niliokuwa nikiukimbia.

Kilichobaki kunikalia kooni ni bei. Kwenye ofisi, anayenunua dekio si yule anayelishika saa kumi na moja alfajiri. Anayenunua anatazama bei na kama linaonekana jipya, na kwake ndoo ya kawaida na nyuzi za pamba zinatosha. Kwenye nyumba ni hivyohivyo: baba au mama analeta dekio, binti wa kazi analitumia, na sijawahi kusikia nyumba iliyomchukua binti dukani aseme lipi linamfaa urefu wake. Sijui nitamshawishije msimamizi wa usafi alipe zaidi kwa ajili ya kifundo cha mtu mwingine. Pengine nitamwomba akamue mwenyewe, ndoo moja tu, mbele yangu.

Krosi ikipatikana, Jumatano mama mdogo ataondoka nalo kwenda kazini. Nimemwomba asinisifie. Aniambie tu mkono ulivyokuwa alipomaliza ghorofa ya pili.