Vitunguu vyangu vimevuka Namanga
Akina mama wenzangu wa biashara za mpakani, someni hii. Leo nimevusha vitunguu vya Mang'ola kwenda Nairobi bila kulipa ushuru wa forodha hata senti. Mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na uko kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa na nchi hizo, unapewa cheti rahisi cha uasili (karatasi inayoonyesha bidhaa imezalishwa wapi) pale pale mpakani. Maofisa wa Tanzania na Kenya wako jengo moja, unamaliza yote upande unaoingia. Ila cheti cha afya ya mimea ni lazima! Wengi hukwama hapo, wakakimbilia njia za panya. Inaniuma sana, maana huko dalali anakula faida yote. Tafadhali ulizeni forodha wenyewe kwanza.