Cheni ya Mjomba na Majina ya Vipimo

Mjomba wangu wa Kakamega alipofariki, tulikuta katika stoo yake gunia lililofungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake cheni ya chuma iliyoshika kutu. Haikuwa cheni ya kufungia ng'ombe. Iliundwa kwa vipande vya waya mnene, kila kimoja kikiwa na kitanzi ncha zote mbili na kuungwa na mwenzake kwa pete ndogo, na kila baada ya vipande kumi kulining'inia kibati cha shaba chenye meno: jino moja penye kumi, mawili penye ishirini, matatu penye thelathini, manne penye arobaini, kisha kibati cha mviringo katikati kabisa. Ukiihesabu kutoka ncha ya pili, mpangilio ni ule ule. Katika ujana wake mjomba alikuwa kibarua wa wapima ardhi, na kazi yake ilikuwa kuishika ncha ya mbele, kuivuta hadi ikaze, na kuchomeka kijiti cha alama.

Waingereza huiita cheni hiyo kwa jina la Edmund Gunter, mwanahisabati aliyefundisha elimu ya nyota mjini London, ambaye aliieleza mwaka 1620. Ina vipande 100 na urefu wa futi 66. Kwa muda mrefu niliiona hesabu hiyo kuwa kichekesho, kwa maana sikuelewa mtu mwenye akili zake angechaguaje 66 na kuiacha 60 au 100. Jibu nililipata katika neno jingine la Kiingereza ambalo siku hizi husikika zaidi kwenye mashindano ya farasi, nalo ni "furlong". Maana yake ni mfuo mrefu, yaani urefu wa mfuo ambao maksai waliweza kulima kabla ya kugeuzwa na kupumzishwa, na urefu huo ni cheni kumi, sawa na futi 660. Aliyewahi kushika plau ya ng'ombe, au kuwatangulia maksai shambani kama nilivyofanya mimi kila likizo ya Aprili, hahitaji kuelezwa kwa nini kipimo kinakatikia pale ng'ombe wanapoanza kuhema.

Chukua basi shamba lenye urefu wa mfuo mmoja na upana wa cheni moja. Zidisha 660 kwa 66, unapata futi za mraba 43,560, na hiyo ndiyo eka. Kiasili jina hilo lilimaanisha shamba tu, nalo ni ndugu wa neno la Kilatini "ager". Baadaye likatengewa kiasi ambacho jozi ya maksai ingeweza kulima kwa siku moja. Werevu wa Gunter ni kwamba aliigawa cheni katika vipande 100, si katika futi. Eka moja ni vipande vya mraba 100,000 kamili, kwa hiyo mpima ardhi aliyezidisha urefu kwa upana katika vipande alihamisha nukta ya desimali mara tano tu, akapata eka bila kugawanya kitu. Alivioanisha vipimo vya wakulima na hesabu za desimali miaka mingi kabla ya mfumo wa mita kuzaliwa kule Ufaransa.

Natamani ningelijua hilo kabla ya kununua ploti yangu pembezoni mwa Kisumu. Dalali, ambaye simtaji, aliniapia kwamba hamsini kwa mia ni moja ya nane ya eka. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, ilhali moja ya nane halisi ni 5,445. Futi hizo 445 zinatosha nyumba ndogo ya vyumba viwili. Sisemi nilitapeliwa, kwa kuwa vigingi vya ploti vilikuwa mahali pake na desturi ya soko ni hiyo hiyo kila mahali. Nasema tu kwamba nililipia jina la kipimo nikapewa kipimo kingine.

Malalamiko ya namna hiyo ni ya kale, na ndiyo yaliyoliua neno "auncel", ambalo Waingereza wenyewe wamekwisha kulisahau. Ilikuwa mizani ya ufito wenye ndoana, ambayo mpimaji aliinyanyua kwa mkono au kwa kidole na kukadiria kama pande mbili zimelingana. Kidole cha mwenye mizani kina upendeleo, na katikati ya karne ya 14, enzi za Mfalme Edward wa Tatu, sheria ilitamka kwamba mizani hiyo iondolewe, kwa sababu wafanyabiashara waliitumia kuwapunja watu. Nami siwezi kuwacheka watu wa enzi hizo wakati sokoni Kibuye bado naligeuza gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, juu chini kabla ya kununua mahindi, nione kama kitako chake kimegongwa kikaingia ndani.

Hata hivyo, kinachonifurahisha zaidi ni jinsi neno lenyewe lilivyozaliwa. Kwa Kiitaliano lilikuwa "lancella", kitanga kidogo cha mizani. Lilipopita katika Kifaransa cha watawala wa Uingereza, masikio yalidanganyika: ile "l" ya mwanzo ikadhaniwa kuwa ni kile kijineno ambacho Wafaransa hukitanguliza mbele ya majina, ikakatwa na kutupwa. Sisi tunaufahamu mchezo huo vizuri. Waarabu walitupa "kitab", tukaiona "ki" ya mwanzo kuwa kiambishi chetu, tukazaa vitabu. Na fundi wa magari akiichukua "mudguard" ya Kiingereza akasema digadi moja na madigadi mawili, anafanya kosa lile lile tamu.

Kuna maneno mengine ambayo Kiingereza na Kiswahili yalichota katika kisima kimoja bila kujuana. Ratili yetu ni ya Kiarabu, lakini Waarabu waliitoa katika neno la Kigiriki "litra", ambalo kwa njia nyingine, kupitia Ufaransa, ndilo lililotuletea lita. Wakia imetokana na "uncia" ya Kilatini, yaani sehemu moja ya kumi na mbili. Humo humo ndimo ilimotoka aunsi, na pia inchi, kwa sababu futi ina sehemu kumi na mbili. Kwa hiyo sonara apimaye dhahabu kwa wakia na seremala apimaye mbao kwa inchi wanatamka neno moja lililochakaa kwa namna mbili.

Na mkono wa mwanadamu umejificha kila mahali. Wapima ardhi wa zamani walikuwa na kifaa kiitwacho "alidade", rula ndefu yenye matundu ya kulengea, iliyowekwa juu ya meza ya kuchorea ramani na kuzungushwa hadi jicho lipate shabaha. Jina hilo limetoka katika Kiarabu, katika neno la sehemu ya juu ya mkono. Dhiraa yetu ni sehemu ya chini, kiwiko hadi ncha za vidole. Mabaharia wa Uingereza nao walipima kina kwa "fathom", neno ambalo hapo kale lilimaanisha kukumbatia, mikono miwili iliyonyooshwa, futi sita, na ambalo Mswahili wa pwani analo tayari: pima, yaani dhiraa nne.

Mwezi uliopita nilikuwa Dunga, ufukweni mwa ziwa kule Kisumu, alfajiri, nikamwona mvuvi mmoja akivuta kamba yenye jiwe kutoka majini. Aliitandaza kifuani, mkono wa kushoto hadi wa kulia, akaishika pale palipofikia, akaitandaza tena, mara ya tatu ikamwishia kifuani. Pima mbili na nusu. Nilimuuliza ni mita ngapi, akanitazama kidogo, akaishika ncha ya kamba na kuanza kuitandaza upya.