Barua ya mzee

Binti wa kaka yangu katimiza miaka 30 juzi. Wenzake wanamtumia keki, yeye ananitumia ujumbe: "Shangazi, leo nimepoteza pointi tano." Na ni kweli. Kwenye Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa pointi, asiye na mwenza anapata pointi 110 za umri akiwa na miaka 29. Akigonga 30 zinabaki 105, na kuanzia hapo kila keki ina gharama yake.

Aanzie wapi? Nikamwambia barua ya kazi. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS utafanya, vyeti vitatathminiwa, polisi watachukua alama za vidole. Hayo yana foleni na risiti. Barua ya kazi inategemea mtu.

Ya kwangu ya kwanza, kutoka utumishi, ilikuwa mistari miwili: ni mwajiriwa wetu, tunamtakia kila la heri. Uhamiaji wa Kanada hawana shida na heri. Wanataka karatasi yenye nembo, majukumu, saa kwa wiki, mshahara na marupurupu, saini ya msimamizi. Kusubiri mwaliko wa kuomba ukaazi sikutaka, maana ukishaitwa una siku 60 tu za kupeleka maombi. Nikaandika rasimu, nikampelekea mzee, msimamizi wangu.

Alivaa miwani, akashika kalamu nyekundu, akaanza kusoma kwa sauti kama anakagua vocha. Kwenye orodha ya kazi ya Kanada wahasibu enzi hizo tulikuwa msimbo 1111, nami nilijihadhari nisinakili maneno ya orodha yao.

"Anasuluhisha hesabu za benki." Tiki. "Anaandaa hesabu za mwaka." Tiki. Akanitazama juu ya miwani. "Na ritani za VAT nani anapeleka?"

"Mimi, mzee."

Akaongeza kwa mkono wake. "Saa 40 kwa wiki? Wewe taa za ofisi hii unazizima mwenyewe. Andika 60."

"Haisaidii, mzee. Zikishafika 30 hawahesabu tena."

"Kumbe wako kama sisi!"

Tulicheka sana. Kisha akafika kwenye mshahara. Mstari ule peke yake hakuusoma kwa sauti. Midomo ilicheza tu, kalamu ikasimama juu ya tarakimu, isiweke tiki wala isikate. Akasaini, akaniambia nikagonge muhuri masjala.

Mengine yalikwenda: pointi, mwaliko, vipimo vya afya, viza. Hadi leo sijaamua kama karatasi ile ilikuwa ya kuondokea, au ilikuwa ya kubaki nayo nikadai nyongeza. Kazi yangu hakuna aliyewahi kunisomea namna ile.

Baadaye mwenzangu mmoja wa ofisini alinitumia tangazo la nafasi yangu. Majukumu yale yale, neno kwa neno, hadi lile la VAT aliloongeza mzee. Saa za kazi: 40 kwa wiki.