Arosto imerudi wakati hajagusa unga, kumbe ni dawa za TB: nilivyomvusha mdogo wangu

Naandika hii kwa yeyote mwenye ndugu anaekunywa methadoni, ile dawa ya hospitali ya kumtoa mtu kwenye unga (heroini), halafu akaambiwa ana TB, maana mi nilihangaika sana kupata mtu wa kunielewesha, na kwa mgonjwa wa hivi kila siku inayopita ni siku anayoweza kurudi maskani.

Mdogo wangu alianza na koktel huku kwetu Mbagala, ule unga wanaochanganya na bangi kwenye sigara, baadae akahamia kwenye sindano. Familia ilishamfungia ndani, ilishampeleka kijijini, ilishampeleka kwenye maombi, akirudi mjini wiki haiishi ameshawapata wenzake. Kilichomtoa ni methadoni. Kwa Tanzania hii huduma ilianzia Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, baadae mikoani na Zanzibar. Dawa ni bure ila inataka moyo kwelikweli kwasababu ni kila siku, Jumapili na sikukuu zote ndani, unafika dirishani unapewa kikombe chenye dawa ya maji, unakunywa mbele ya mtoa dawa, unashushia na maji, unaongea kidogo wahakikishe umemeza, ndo unaondoka. Ukikosa siku kadhaa mfululizo hawakupi dozi yako ya zamani, wanakushusha, kwasababu mwili unakua umeshaacha kuizoea na dozi ileile inaweza ikakuua.

Mama alikua haitaki kabisa, anasema mtoto ametolewa kwenye unga wa mtaani akaingizwa kwenye unga wa serikali. Sikubishana nae, nilimtafutia takwimu. Kuna uchambuzi ulitoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2017, walikusanya tafiti za nchi mbalimbali zenye watu zaidi ya laki moja waliotibiwa kwa methadoni, wakakuta waliopo kwenye dawa wanakufa kama 11 kwa kila watu 1000 kwa mwaka, na wakishatoka kwenye dawa ni 36. Nikamwambia mama, chagua mwenyewe unataka mtoto wako awe kundi lipi. Toka siku hiyo akawa yeye ndo anampa nauli.

Sasa TB. Dogo akaanza kukohoa, jasho la usiku, suruali zinamvuka, tukapeleka makohozi yakapimwa kwa mashine ya TB inaitwa GeneXpert, jibu likaja TB. Akaandikiwa dozi ya miezi 6, miezi 2 ya kwanza dawa nne ndani ya kidonge kimoja, halafu miezi 4 dawa mbili. Mojawapo, ambayo iko mwanzo mpaka mwisho, inaitwa rifampicin. Ndo ile inayofanya mkojo unakua rangi ya machungwa. Hiyo ya mkojo walitueleza vizuri. Ya methadoni hakuna aliegusia.

Haikupita muda mrefu dogo akaanza kubadilika. Jioni anapiga miayo mfululizo, kamasi zinamtoka, macho yanachuruzika, vinyweleo vimesimama na huku Dar joto unalijua, usiku anajinyonganyonga kitandani miguu inamuuma mpaka kwenye mfupa, tumbo linamwendesha. Mtu yeyote alieishi na teja hiyo hali haulizi mara mbili, ni arosto, yale mateso ya mwili unaodai unga. Mjomba akatangaza kwenye ukoo kwamba kijana amerudia. Na pale alipokua anachukulia dawa za TB mhudumu mmoja akamwambia mbele za watu nyie hata mtibiwe vipi mtarudi kulekule. Mdogo wangu alirudi nyumbani amenyamaza, kesho yake akaniambia dada, mi vidonge vya TB naacha, kwasababu siku niliyosahau kumeza nilipata nafuu.

Hiyo kauli ndo ilinishtua nikaanza kufikiri. Mtu anaetumia unga hawezi kukwambia nafuu yake inatokana na kuacha kidonge cha TB. Nikachukua daftari la shule la mwanangu nikawa naandika kila siku: methadoni kanywa saa ngapi, vidonge vya TB kameza saa ngapi, miayo imeanza saa ngapi, kalala saa ngapi. Nikamuuliza na yeye zamani ilikuaje. Zamani akinywa saa 2 asubuhi alikua anafika kesho yake asubuhi yuko sawa tu. Sasa daftari linasema akinywa saa 2 asubuhi, ikifika saa 11 jioni miayo imeanza, na kila siku zinavyoenda inawahi zaidi. Yani dawa ni ileile, dozi ileile, ila mchana haujaisha imeshakwisha mwilini.

Nikabeba daftari na kadi ya TB tukaenda wote kliniki ya methadoni, nikaomba tumuone dokta sio dirishani tu. Kitu cha kwanza walimpima mkojo. Nesi akachovya kile kipimo, ikatokea mistari miwili, nikahisi miguu inaisha nguvu kwasababu kwenye kipimo cha mimba au cha HIV miwili ndo ipo. Nesi akacheka akasema hapana dada, hichi kinasomwa kinyume, mistari miwili maana yake unga haupo. Na methadoni yenyewe haionekani kwenye kipimo cha heroini, kwahiyo hakuna cha kusema labda imechanganya. Dogo alikua msafi. Niliomba nikipige picha kwa simu, mjomba alitumiwa dakika hiyohiyo.

Dokta alivyoona kadi ya TB hata daftari hakulimaliza. Alitueleza hivi: methadoni inavunjwavunjwa na ini, na rifampicin inalichochea ini lizidishe vimeng'enya vya kuivunja, sasa dawa iliyotakiwa imshike mtu masaa 24 inamwacha njiani. Haitokei siku ya kwanza, inajengeka siku hadi siku ndo maana watu wanadhani mgonjwa karudia polepole. Na nilivyoenda kusoma mwenyewe niliumia, kwasababu hii kitu inajulikana toka 1976, madaktari wa Marekani waliandika kwamba kati ya wagonjwa 30 wa methadoni waliopewa rifampicin, 21 walipata arosto. Mwaka 1976! Halafu mtoto wa watu 2020 na kitu anatukanwa kwamba hana msimamo.

Tiba yake ni kupandisha dozi ya methadoni na kuendelea na TB bila kuruka hata siku moja. Walikua wanampandisha kidogokidogo, wakati mwingine wanamwambia akae pale kwenye benchi masaa kama matatu baada ya kunywa, muda ambao dawa imefika kileleni, waone hasinzii kupita kiasi, na mi naendelea kuandika miayo imeanza saa ngapi. Ikawa inasogea, saa 11, saa 2 usiku, saa 6, mpaka ikapotea. Dozi ilipanda karibu nusu zaidi ya aliyokua nayo. Nilikaa na mama nikamweleza mapema kwamba namba itapanda na sio kwamba mtoto anazidi kuwa teja, maana ningeacha aisikie kwa mjomba ingekua vita.

Vidonge vya TB tulihamishia kliniki ya methadoni, akinywa kikombe anameza na vidonge hapohapo mtu mmoja anamwangalia. Hii ndo iliyotuokoa kuliko vyote, sehemu moja, kadi mbili zinakaa pamoja. Kama kwenu ni sehemu mbili, ulizeni kama inawezekana kuunganisha.

Wengi wanaulizia ile sindano ya mwezi mzima ya buprenorphine, dawa nyingine ya kumtoa mtu kwenye unga, Marekani waliipitisha 2017, na kwa mtu anaepanda daladala kila alfajiri ingekua nafuu kubwa. Ila mjue rifampicin inaishusha na buprenorphine pia, kwahiyo mwenye TB bado anahitaji kuangaliwa.

Kuna hatari moja mwishoni ambayo watu wengi hawaiambiwi. TB ikiisha na rifampicin ikaachwa, ini linarudi kwenye kasi yake ndani ya wiki chache, na ile dozi iliyopandishwa inageuka kuwa kubwa mno. Mwezi mmoja kabla ya vidonge kuisha nilimkumbusha dokta, wakapanga ratiba ya kushusha. Wiki hizo nililala chumba kimoja nae, nilielekezwa cha kuangalia: akikoroma kwa kukwama, pumzi zikawa zinachelewana, midomo ikabadilika rangi, au ukimwamsha haamki, mkimbize hospitali na useme wazi anakunywa methadoni ili wampe naloxone, dawa ya kumzindua aliezidiwa na methadoni au unga. Hatukufika huko. Dozi ilishuka mpaka karibu na ile ya mwanzo, makohozi ya mwisho yalikua hayana wadudu, na dogo yuko kwa fundi wa friji anajifunza kazi baada ya kutoka dirishani.

Sio rifampicin peke yake. Dawa za kifafa kama phenytoin, carbamazepine na phenobarbital, na ARV zenye efavirenz au nevirapine, nazo zinaishusha methadoni. Mgonjwa wako akiandikiwa kidonge chochote kipya popote pale, kipeleke na pakti yake kwa dokta wa methadoni kabla hajaanza kumeza.