Sifuri si pengo: kutunza ramani za mvua za Dodoma

Huu ni msimu wa sita tangu nianze kutunza ramani ya mvua ya kila siku kumi kwa ajili ya maofisa ugani wa Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa. Kuitengeneza kulinichukua miezi mitatu. Kuitunza hakujaisha, na wenzangu wanaoanza kazi hii hawaambiwi mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi iko huko.

Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na kiasi cha mwaka mzima mara nyingi huwa kati ya milimita 500 na 600. Mvua yenyewe hushuka kwa mafungu: wingu moja laweza kulowesha Hombolo likaacha kijiji cha jirani na vumbi lake. Vituo vya kupima ni vichache na vimetengana mno, hivyo kati ya kituo na kituo tunategemea setilaiti.

Setilaiti za Meteosat, zinazoendeshwa na EUMETSAT, shirika la Ulaya la setilaiti za hali ya hewa, husimama takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na zile ninazozitumia hupiga picha moja kila dakika 15, yaani picha 96 kwa siku. Kinachopimwa katika picha hizo si mvua, bali ni joto la kilele cha wingu. Wingu la radi likipanda juu sana kilele chake hupoa mno, kwa hiyo tunahesabu saa ambazo wingu lilikuwa baridi kuliko kikomo tulichokiweka, kisha tunazigeuza saa hizo kuwa milimita kwa kutumia uhusiano uliopatikana kutokana na vipimamvua vya ardhini. Ndiyo njia ambayo TAMSAT, mradi wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, wa kukadiria mvua ya Afrika, imeitumia kwa miaka mingi, na CHIRPS, mkusanyiko mwingine wa makadirio ya mvua ambao kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1981, nayo huunganisha baridi ya mawingu na vipimo vya vituo. Yangu ni ndogo kuliko hizo, ila kanuni ni ileile.

Katika msimu wa pili, usiku mmoja wa Januari, umeme ulikatika na kompyuta inayopokea picha ikazimika kwa saa sita. Asubuhi programu ilijumlisha saa za baridi kama kawaida, na kwa kuwa picha za usiku hazikuwapo, saa za baridi nazo hazikuwapo, basi ikaandika sifuri. Ramani ikatoka na rangi ya hudhurungi upande wote wa magharibi. Siku iliyofuata alinipigia simu ofisa ugani wa kata moja ya Bahi, mama mtu mzima ambaye huongea kwa upole hata anapokuwa na haki ya kukasirika. Aliniambia, "Mwanangu, majaruba ya mpunga huku yamefurika, na ramani yako inasema hatukupata hata tone. Wakulima wanaiona kwenye simu zao. Niwaambie nini?" Sikuwa na jibu la maana la kumpa. Nilimwomba radhi, nikakaa na msimbo wa programu yangu hadi usiku.

Tangu siku hiyo kila ramani hubeba ndani yake idadi ya picha zilizoijenga. Siku yenye picha pungufu ya 80 haipewi kiasi chochote: hupakwa kijivu, na picha zinapopatikana baadaye kutoka hifadhini, siku hiyo hukokotolewa upya. Niliombwa zaidi ya mara moja niyaondoe maeneo ya kijivu kwa sababu yanaharibu sura ya taarifa, nami nimekataa kila mara. Kusema kwamba mvua haikunyesha ni jambo moja, na kusema kwamba hatukuona ni jambo jingine kabisa. Mkulima anayetafakari kama arudie kupanda mtama ana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili analoambiwa.

Kosa la saa lilikuwa gumu zaidi kuligundua, kwa kuwa halikupiga kelele. Vipimamvua vyetu husomwa saa tatu asubuhi. Siku ya setilaiti, kwa jinsi nilivyokuwa nimeipanga mwanzoni, ilianza saa sita usiku ya saa za kimataifa, ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Mvua ya saa kumi alfajiri iliandikwa na kipimamvua katika siku inayomalizika asubuhi hiyo, wakati setilaiti iliiweka katika siku mpya. Nikalinganisha siku kwa siku, nikaona uhusiano dhaifu, nikailaumu setilaiti bure kwa wiki kadhaa.

Kisha kuna mahali setilaiti inaposimama. Ukiitazama Dodoma kutoka longitudo 0, ilikosimama ile niliyoitumia kwanza, unaitazama kwa mshazari, na wingu lenye kilele cha kilomita 12 huonekana limesogea karibu kilomita 11 kuelekea mashariki. Hiyo yatosha kuhamisha mvua kutoka kata moja hadi nyingine. Mwaka 2016 EUMETSAT iliihamishia Meteosat-8 juu ya Bahari ya Hindi, na mwaka 2022 nafasi hiyo ikachukuliwa na Meteosat-9 katika nyuzi 45.5 mashariki, ambako kosa hilo kwetu hushuka hadi chini ya kilomita 3. Nilipohamia huko nilifurahi, lakini ilinibidi nipime upya vikomo vyote na kukokotoa tena misimu iliyotangulia, kwa maana namba za macho mawili tofauti haziwezi kuwekwa katika mstari mmoja bila kusawazishwa.

Liko tatizo ambalo msimbo pekee hauliwezi. Mwanzoni mwa Desemba hewa ya chini bado ni kavu, na wingu baridi laweza kunguruma huku matone yakikauka kabla ya kugusa udongo. Setilaiti huona mvua, mkulima huona vumbi, na mbegu iliyopandwa kwa kuiamini ramani hupotea. Kwa hiyo saa moja ya baridi ya Desemba naipa milimita chache kuliko ya Februari, na kiasi hicho hutoka kwa watu wanaosoma vipimamvua vijijini. Nao wanahitaji kutembelewa: nguzo moja ililiwa na mchwa ikainama, mwembe ulikua ukakifunika kipimamvua kingine, na msomaji mmoja alikuwa akiandika 10, 15 na 20 tu hadi tulipokaa naye kivulini tukasoma pamoja vile vistari vidogo vya kati.

Mwezi huu nimemaliza kukokotoa upya msimu wa pili kwa picha za hifadhini. Kwa kata ya yule mama, usiku ule wa Januari sasa unaonyesha milimita 41 mahali palipokuwa na sifuri. Nilimpigia kumweleza. Akaniomba nisubiri kidogo, akalifungua daftari lake, akanisomea: 38.