Siku moja maishani mwangu: kufunga mashine ya kuonyesha samaki na GPS kwenye kayaki, Matema

Saa 10 alfajiri. Baridi ya Uyole inauma vidole. Ninapanga begi: keekee ya betri, biti tatu, silikoni, fyuzi, mita ya umeme, greasi, na kamba yangu yenye fundo kila mita moja na jiwe mwishoni. Kamba hiyo ninaithamini kuliko vyote.

Mimi ni fundi umeme. Redio za magari, sola, taa za mitumbwi. Siku hizi nafunga pia mashine za kusoma kina cha maji na kuonyesha samaki. Watu wakisikia hudhani ni kutoboa tundu na kuunganisha nyaya, basi. Ndiyo maana nimeamua kuandika siku hii yote.

Saa 11 na nusu nimeshakaa kwenye Kosta. Tukuyu chai na ndizi, Kyela saa 3, kisha bodaboda kupitia Ipinda, mashamba ya mpunga na kokoa pande zote. Saa 4 na ushee niko Matema, Ziwa Nyasa mbele, Milima ya Livingstone imesimama ubavuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa. Saa 6 nataka niwe majini."

Mzee ni mstaafu, amenunua kayaki ya plastiki ya kuvulia na mashine yenye kioo kidogo, GPS ikiwa humohumo. Kabla ya kushika keekee nikamwomba akae ndani na apige kasia hewani. Nikatia alama magoti yanapofika na kasia linapopita. Kioo kikikaa vibaya, kila pigo litakigonga. Mzee aliona ninampotezea muda.

Saa 5 tukaingia majini, karibu na ufukwe. Nikamwaga maji kidogo sakafuni mwa kayaki, nikaisimamisha transdusa ndani ya maji hayo. Transdusa ndiyo inayopiga sauti kwenda chini na kusikiliza mwangwi. Sauti husafiri majini karibu mita 1,500 kwa sekunde, na mashine huhesabu kina kutokana na muda wa kwenda na kurudi. Inaweza kupiga kupitia plastiki, bila kutoboa chini, ilimradi katikati pasiwe na hewa hata chembe. Nikahamisha mara nne. Mahali pa nne kioo kikasema mita 4.1. Nikatupa kamba: fundo la nne, na kidogo. Hapo nikapiga alama.

Tukarudi nchi kavu. Nikakausha, nikapiga msasa, nikamwaga silikoni polepole, nikaizamisha transdusa huku nikiizungusha ili hewa itoke pembeni, nikaweka jiwe juu. Nikamwambia mzee, tafadhali, hii isiguswe.

Nilikwenda kivulini kutoboa kibao cha kushikia kioo. Keekee ni ya mwendo mdogo, plastiki ikipata moto inayeyuka na tundu linapanuka. Labda dakika ishirini. Niliporudi, jiwe lilikuwa mchangani na mzee ameishika transdusa mkononi, anaiangalia chini.

"Nilitaka kuona kama imekauka."

Sikumjibu haraka. Alikuwa mtu mzima, na kayaki ni yake. Lakini silikoni ikishainuliwa huwezi kuirudisha tu. Chini inabaki mifuko ya hewa, na mashine itaonyesha kina cha uongo au isionyeshe kitu. Nikakwangua yote kwa kipande cha mbao nisichubue plastiki, nikafuta, nikakausha, nikapiga msasa upya. Jua la Matema si la Uyole. Jasho lilinidondokea palepale ninapotaka pakavu, ikabidi nijifunge kitambaa kichwani. Mzee alisimama juu yangu muda wote. Kwa nini nisitumie supaglu? Kwa nini nisifunge kwa bolti kutoka chini? Kwa nini laki moja na nusu kwa matundu matatu? Nikamweleza, mikono ikiwa kazini, kwamba matundu ndiyo sehemu rahisi. Tundu la chombo cha majini halina kujuta: ukikosea umemwachia mwenye chombo mahali pa kuzama. Silikoni yangu ya akiba ilitosha kwa shida. Safari hii nilikaa pale pale.

Sikumbuki nilikula saa ngapi. Ugali na samaki aina ya mbasa, nikiwa bado nimeegemea kayaki.

Mchana wa umeme ulipita vizuri. Betri ya volti 12 na saa-ampea 7 ndani ya boksi lisiloingiza maji, fyuzi ya ampea 3 karibu na chanya, greasi kwenye kila kiungio, matundu juu ya mstari wa maji. Nikamwonya asiimalize betri yote, betri ya madini ya risasi ikimalizwa hufa mapema.

Upepo wa kusini ukainuka, mawimbi yakapiga ufukwe, tukangoja. Mzee akaacha kuuliza, akaniletea chai mwenyewe.

Karibu saa 12 jioni upepo ukalala. Watu wanne tulibeba kayaki bila kuitikisa. Silikoni ilikuwa bado laini ndani, lakini sauti haijali ukavu, inajali hewa. Mzee mbele, mimi nyuma na kamba. Mita 3. Mita 6. Kamba ikakubali. Kisha chini kukaporomoka, 20, 40, na juu ya mteremko vikatokea vialama vya samaki. Mashine humwona samaki hasa kwa kifuko cha hewa tumboni mwake. Hewa ileile niliyoifukuza mchana kutwa.

Wavuvi wa usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, walikuwa wanatoka na taa zao. Mmoja, mtu mzima, akasogeza mtumbwi na kuutazama mteremko kwenye kioo.

"Hapo tunapajua," akasema, akataja jina la mahali hapo kwa Kinyakyusa.

Mzee akanigeukia. "Liandike humo."

Nikabonyeza kuweka alama ya GPS. Nikamwomba yule mvuvi alirudie jina polepole, herufi kwa herufi.