Adesi mwitu kwenye ndoo ya rangi

Jumapili, Tengeru

Leo nimepiga magoti barazani na tochi ya simu, natafuta mbegu ndogo kama kichwa cha kiberiti. Mama kasimama mlangoni.

"Umeangusha hela?"

"Adesi, mama."

"Si ukanunue sokoni, kilo nzima!"

Za sokoni sizo. (Na sokoni kwenyewe ueleze vizuri, maana huku ukitaja dengu unapimiwa zile za mviringo, adesi ni hizi bapa.) Hizi ni za mwitu, Lens orientalis, bibi wa adesi zote zinazoliwa. Kwao ni Uturuki, Syria na majirani. Nilipewa mbegu 12 kazini, masalia ya jaribio.

Sita nilizipanda Aprili, zikalala wiki 3. Nilipozifukua zilikuwa kavu kama changarawe. Kumbe ganda lake halipitishi maji. Ndiyo akili yake, zisiote zote kwa mvua moja zikafa pamoja. Sita zilizobaki nikazisugua kidogo kwa msasa, nikaziloweka usiku kucha. Siku ya 5 zikachungulia nne.

Baridi ya Juni na Julai, Meru ukijifunika ukungu, iliipenda kabisa. Tatizo maua. Adesi hungoja mchana urefuke, kama kwao ikifika Aprili na Mei. Hapa mchana ni saa 12 tu, mwaka mzima. Nikaiweka ndoo chini ya taa ya baraza, ikawa inawaka mpaka saa 4 usiku, na mama ananiimbia habari za luku. Maua yakaja hatimaye: madogo mno, samawati iliyopauka, ukiinama ndipo unaona vimishipa vya zambarau.

Jana maganda yalikuwa yamegeuka kahawia. Nikasema nitachuma kesho. Uvivu wangu huo. Leo jua la saa 7 limeyapata, nikasikia tap, tap: ganda linajisokota, linapasuka, mbegu zinaruka. Adesi ya shambani haina haraka hiyo. Wakulima wa kale walivuna zilizobaki kwenye mmea, wakazipanda hizo hizo, na kwa maelfu ya miaka ikasahau kuruka.

Maganda matatu yaliyobaki nimeyavisha soksi ya nailoni. Za sakafuni nimeokota 9. Ya kumi kaiona mama, imejibana kwenye ufa wa saruji. Nikachukua kijiti niichokoe.

"Iache," akasema. "Si ya mwitu?"